Naenda Benki Mara Moja

Natumaini mishahara imeingia, maana wengine tunasoma magazeti kwa raha wiki hiyo tu. Mwezi uliopita tuliongea kuhusu wakwe wanaokuja kusalimia wakakaa hadi Pasaka, na najua kuna watu bado wana hasira na mimi. Poa tu. Leo tutoke nyumbani twende ofisini, ingawa naonya mapema kwamba tutarudi nyumbani tu, maana haya mambo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita mume wangu alinitafuta kwenye simu ya mkononi akanikosa, akapiga ya ofisini. Nikapokea mwenyewe, nikasema yale maneno yetu ya kupokelea simu, kwa Kiingereza, na kwa ile sauti. Mnaijua ile sauti. Laini, imepanda kidogo, inapitia puani. Mwenzangu akanyamaza, halafu akasema kwa adabu zote, "Samahani dada, naomba kuongea na mke wangu." Nikamwambia ndiye mimi. Akajibu, "Hapana dada, mke wangu namjua."

Tulicheka wiki nzima. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana.

Ile sauti sikuzaliwa nayo. Nilipoanza kazi, dada mmoja mkubwa pale ofisini alinichukua pembeni akanipa somo la kwanza: "Mdogo wangu, ya nyumbani yaache getini." Nikayaacha. Niliacha na mengine ambayo hakuniambia niyaache: kicheko changu, kabila langu, Kiswahili changu. Tulikuwa tunakaa kikao watu kumi, wote Watanzania, wanne kati yetu tumesoma shule za kata, tunabanana kwa Kiingereza mpaka jasho linatoka, halafu tukitoka nje kwenye ngazi ndipo kikao chenyewe kinaanza, kwa Kiswahili, na maamuzi yanafikiwa. Mahakama zenyewe tangu mwaka 2021 sheria imezitaka zitumie Kiswahili. Ofisi nyingi za Posta na Upanga bado hazijapata hiyo taarifa.

Kuna mama mmoja wa Marekani, msomi wa mambo ya jamii, Arlie Hochschild, aliandika kitabu mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege. Alitaka kujua mtu analipwa kwa kazi gani hasa anapotakiwa kutabasamu saa nane mfululizo kwa abiria anayemtukana. Akasema ile nayo ni kazi, ya kupanga hisia zako ziendane na anachotaka mwajiri, na ina uchovu wake kama kubeba magunia. Akawaangalia na wadai madeni, ambao wao walifundishwa kinyume chake, kuwa wakali. Kilichonigusa mimi ni wale wahudumu waliosema kwamba baada ya safari ndefu walikuwa hawawezi kushuka. Ndege imeshatua, wao bado wako juu na ule uchangamfu wa kupangwa, hawajui wauweke wapi.

Mimi shida yangu ilikuwa kinyume. Nilikuwa nikifika nyumbani, nimeshuka kabisa, sina kitu. Mume wangu aliniambia siku moja, bila ugomvi, anamenya ndizi: "Ofisini wanampata yule wa asubuhi. Sisi huku tunampata wa foleni." Nikanuna. Alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nikanuna.

Haya, sasa ndio tufike kwenye kisa chenyewe.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilichukua likizo ya uzazi kama kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84, na 100 ukipata zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 84 zinasikika nyingi mpaka uzihesabu. Mimi niliondoka ofisini wiki mbili kabla kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kama mihogo, kwa hiyo nilibaki na siku 70 za kukaa na mtoto. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Fanyeni hesabu wenyewe. Nilirudi kazini na mtoto wa wiki kumi, na matiti ambayo yalikuwa hayana habari kwamba likizo imeisha.

Sheria hiyohiyo ina jibu, na wengi hatulijui au tunajifanya hatulijui. Mama anayenyonyesha anatakiwa apewe muda wa kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa mbili za muda, jamani, sio saa mbili asubuhi. Nyumbani kwetu ni Tabata na ofisi iko Upanga, kwa hiyo kwenda na kurudi mchana ilikuwa ndoto. Lakini nilikuwa na bahati: mamamkubwa wangu anakaa Ilala. Kila asubuhi tulimwacha mtoto kwake pamoja na dada wa kazi. Dakika kumi kwa bajaji kama njia iko wazi. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Kilichobaki ni mimi kufungua mdomo tu, niseme: bosi, nanyonyesha, naomba muda wangu.

Sikusema.

Msiniulize kwa nini kama hamjawahi kurudi kazini kutoka uzazi. Siku ya kwanza tu watu walikuwa wananiangalia kama mgonjwa aliyetoroka wodini. "Umerudi mapema, utaweza kweli?" Kwenye kikao cha kugawa kazi, ile kazi kubwa ya mteja niliyemleta mimi mwenyewe ilikuwa imeshapewa kijana mmoja "kwa muda." Nikaona nikitaja neno kunyonyesha mbele ya wale wanaume saba, hiyo kwa muda itakuwa ya moja kwa moja. Nikavaa suti, nikavaa viatu vya mchuchumio, nikapaka rangi ya mdomo nyekundu, nikatoa ile sauti ya puani. Niko fiti kabisa, asanteni.

Ikifika saa sita na nusu matiti yanakuwa mawe. Nikawa naaga: "Naenda benki mara moja." Kesho yake, benki. Keshokutwa, TRA. Siku nyingine kwa fundi simu, halafu tena benki. Nikifika Ilala navua viatu mlangoni, mamamkubwa ananipa mtoto kabla hata ya salamu, nakaa kwenye mkeka, na kwa dakika arobaini nakuwa mtu. Halafu navaa tena viatu.

Kuna siku sikuwahi. Tulikuwa na wageni, kikao kimevuta, mimi niko mbele naeleza takwimu za robo mwaka, nimevaa blauzi ya rangi ya krimu. Nje kwenye ngazi mtoto wa mtu akalia. Akina mama mnajua kinachofuata, kwa akina baba nitaeleza: mwili hauulizi mtoto ni wa nani. Nikahisi joto. Nikageuka ukutani kama nasoma namba, nikachukua koti langu kwenye kiti nikalivaa, nikasema kiyoyozi kina baridi sana leo. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, na kiyoyozi chetu kilikuwa kibovu. Kila mtu mle ndani alikuwa anajipepea na karatasi. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa watu wa kiofisi sana sisi.

Uongo wa mtu mmoja ukikaa sana wengine wanausaidia kukua. Dada wa uhasibu aliniona napanda bajaji tatu mfululizo kuelekea njia ambayo haina benki yetu. Wiki moja baadaye ofisi nzima ilikuwa inajua kwamba nina mtu Ilala. Wengine, wenye heshima zaidi, walisema natafuta kazi kwa wapinzani wetu. Ile ya kwanza ilisafiri mpaka ikamfikia rafiki wa mume wangu, naye kwa uchungu wa kiume akamwita bar, akamwagizia kinywaji, akamwambia: "Kaka, jikaze. Shem anaingia nyumba ileile Ilala kila mchana."

Mume wangu aliniletea habari hiyo anacheka mpaka machozi. "Nimemwambia huyo jamaa namjua, ana wiki kumi na saba na hana meno." Halafu akaacha kucheka. Akauliza, "Lakini kwa nini ofisini kwenu hawajui? Unaiba?"

Nikaanza kumpa maelezo ya hadhi ya mwanamke kazini. Hotuba nzuri tu. Akaniacha nimalize, akasema, "Sawa. Ila mimi nimekaa leo kwenye bar napewa pole."

Siku tano baadaye nikapewa barua. Waajiriwa wenzangu mnaijua, ile inayoanza kwa upole na kuishia na kutakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya saa 48 kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Kosa: kutokuwepo kazini mara kwa mara bila ruhusa na kutoa sababu zisizo za kweli. Nilisoma pale mapokezi nimesimama, na kilichonishangaza ni kwamba kila neno lilikuwa sahihi. Nilikuwa na haki kamili ya kutoka mchana. Sheria ilikuwa upande wangu tangu siku ya kwanza. Nilichukua haki yangu mwenyewe nikaivalisha nguo za wizi.

Usiku ule niliandika utetezi, kurasa mbili, Kiingereza cha kupiga pasi, umejaa mazingira yasiyozuilika na majukumu mtambuka. Nikampa mume wangu asome. Akasoma yote, akanirudishia, akasema, "Hii kaandika yule dada wa kwenye simu."

Nikaandika upya. Kiswahili, nusu ukurasa. Nanyonyesha. Mtoto yuko Ilala kwa mamamkubwa. Nilikuwa naenda huko kila siku. Sikuwahi kwenda benki. Niliogopa kunyang'anywa kazi zangu.

Sasa, ningekuwa naandika tamthilia hapa bosi angesimama akanipa mkono na watu wakapiga makofi. Haikuwa hivyo. Bosi wangu ni mzee mmoja mtulivu, hasemi sana. Alikuwepo na afisa utumishi. Alisoma ile nusu ukurasa mara mbili, akavua miwani. "Mama, hili jambo liko kwenye sheria. Ungeniambia siku ya kwanza ningekupangia. Lakini hapa nina daftari la mapokezi, umeandika benki mara 31." Akanisogezea daftari. Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri kabisa, benki, benki, benki. Akasema, "Sasa niambie, nikisoma ripoti zako za mauzo, nazo nizisome vipi?"

Hilo la ripoti liliniuma kuliko barua. Ripoti zangu zilikuwa za kweli mpaka senti ya mwisho. Nilikesha nazo na mtoto mapajani. Lakini ningemwambia nini? Daftari lilikuwa wazi mezani.

Nilimwambia jambo moja tu, na sikuwa nimelipanga. "Bosi, kazi ya mteja wangu mlimpa mtu kabla sijarudi. Mngeniuliza, nami pengine ningewaambia." Alinyamaza. Afisa utumishi akaangalia karatasi zake. Sitaki kusema kwamba nilishinda, ila ile kazi ilirudi kwangu mwezi uliofuata, bila maelezo yoyote. Nilipewa na saa zangu mbili, kwa barua. Nilipewa pia onyo la maandishi kwa kudanganya, likakaa kwenye faili langu. Yote matatu yalikuwa haki, naona sasa.

Mchana wa kwanza baada ya hapo niliaga: "Naenda kunyonyesha." Yule kijana aliyepewa kazi yangu aliangusha kalamu. Baada ya wiki moja hakuna aliyegeuza hata shingo. Wiki ya tatu mhasibu mmoja, baba mtu mzima, akanisimamisha kwenye korido akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mtu anaweza kukamua maziwa akaweka kwenye friji, maana mke wake ni muuguzi zamu za usiku na mtoto anakesha akilia. Nikamweleza, siku nne kwenye friji, chombo safi chenye mfuniko. Miaka sita tumefanya kazi chumba kimoja na yule mzee, sikuwa najua kama ana mtoto mchanga.

Lakini ngoja niwatahadharishe, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa anajiandaa kesho aende akawe "halisi." Tulikuwa na kaka mmoja ambaye neno lake lilikuwa "mimi ndivyo nilivyo, sijui unafiki." Alikuwa anatukana wahudumu, anasimulia ugomvi wake na mkewe kwenye chai ya saa nne, na siku akiamka vibaya tunaamka vibaya wote. Ule haukuwa ukweli, ulikuwa uvivu. Isitoshe ule ugomvi wa mkewe ulikuja kutajwa alipoomba kupandishwa cheo, eti hana utulivu wa familia. Ya chumbani hayana kazi ofisini. Mimi nilitakiwa kusema kile tu kilichokuwa kinanitoa kwenye kiti changu kila mchana, basi. Mbona siwaambii wenzangu nimegombana na wifi?

Halafu ukweli una bei, na wote hatuuziwi bei moja. Muda mfupi baada ya kisa changu, binti mmoja mpya alinifuata chooni. Ana miezi mitatu kazini, ana mimba ya miezi mitatu. "Dada, na mimi niseme kama wewe?" Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo, sema, jiamini. Nikajizuia. Sheria yetu inakataza ubaguzi wa mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, lakini kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Na kuthibitisha kwamba umeachishwa kwa ajili ya tumbo, wakati wanasema ni utendaji, ni safari ndefu. Nikamwambia ahesabu. Sheria inamtaka ampe mwajiri taarifa miezi 3 kabla ya kujifungua. Akahesabu kwa vidole pale kwenye sinki. Akanunua magauni mapana, akakaa kimya, na alipotimiza miezi sita ya kazi na sita ya mimba alipeleka barua yake kwa wakati. Je, alidanganya? Hakuna aliyemuuliza, naye hakuandika benki mahali popote. Nilimwona mjanja kuliko mimi.

Niliwaahidi tutarudi nyumbani. Nilipomaliza vita yangu nikawa na kiburi kidogo, nikawa namhubiria mume wangu kuhusu uwazi. Jioni moja akaniambia, "Unakumbuka mtoto alipozaliwa nilikuwa nyumbani siku tatu?" Nakumbuka, alipika uji ukaungua. Sheria inampa baba likizo ya angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. "Sikuomba hiyo likizo," akasema. "Nilisema nina malaria."

Jamani! Malaria! Kumbe kule kwao mwanaume akisema anabaki nyumbani kumsaidia mke, anapewa jina, na lile jina linamfuata mpaka kustaafu. Kila siku ya kliniki aliyompeleka mtoto, ofisini alikuwa anasema gari limeharibika. Mimi nilikuwa na benki, yeye alikuwa na karbureta. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu na uongo wake wa ofisini chini ya mto, na uongo wote ulikuwa unahusu mtoto mmoja, tena tunayempenda.

Sikumhubiria tena. Nilikuwa bado sijasahau mimi mwenyewe nilichelewa kwa mara 31.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo. Nilikuwa navaa viatu, yeye yuko sebuleni na kadi ya kliniki mfukoni, mtoto begani, simu sikioni. Nikamsikia anasema, "Hapana, gari ni zima. Nampeleka mtoto kliniki, nitafika saa tano." Kimya. Mtu wa upande wa pili anaongea. Kisha nikamsikia tena, taratibu, anasema, "Mama yake yuko kazini."

Mwezi ujao tutaongelea pesa za kikoba na mume asiyejua zilipo. Leteni visa vyenu, majina tutayaficha.